Nataka kupasuliwa ingawa sina tatizo lolote. Je, mimi ni mvivu?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, naishi Tabata na mume wangu, tumeoana miaka miwili iliyopita. Hii ni mimba yangu ya kwanza na ina wiki 33. Presha iko sawa, sukari sawa, damu sawa, mtoto kakaa kichwa chini. Kila nikienda kliniki nesi anajaza kadi, kisha ananiambia, "Mama, wewe huna shida, utazaa kama kuku." Wenzangu kwenye benchi wakiambiwa hivyo wanacheka kwa furaha. Mimi maneno hayo yananinyima usingizi.

Sitaki kuzaa kama kuku. Nataka kufanyiwa operesheni.

Nikueleze chanzo. Miaka minne iliyopita nilimpeleka dada yangu kujifungua. Uchungu ulimwanza Jumatano jioni, mtoto akatoka Ijumaa alfajiri. Sikuruhusiwa kuingia, lakini leba ile ilitenganishwa na korido kwa pazia tu, na mimi nilikuwa nimekaa chini upande wa pili. Nilimsikia dada akiomba maji. Nikasikia mtu akimjibu, "Wakati unaitafuta hukupiga kelele, sasa unampigia nani?" Kisha nikasikia kofi. Mpaka leo sijui lilimpata wapi, na sijathubutu kumuuliza. Mtoto alitoka amechoka, akakaa kwenye oksijeni siku tatu, Mungu mkubwa akapona. Dada alichanika mpaka nyuma. Alishonwa, lakini hadi sasa haja ikimbana hawezi kuizuia, na hewa inamtoka bila yeye kutaka. Ameacha kwaya. Haya ananiambia mimi peke yangu. Mumewe anajua ana vidonda vya tumbo.

Sasa mfanyakazi mwenzangu alijifungua mwaka jana katika hospitali ya binafsi. Jumatatu asubuhi kaingia, nywele kasuka, kucha kapaka rangi. Saa tano katutumia picha ya mtoto kwenye grupu la ofisini. Alhamisi yuko kwake anakunywa supu. Bima ililipa kila kitu, na bima hiyohiyo ninayo mimi.

Nikaenda kumwona daktari wake. Nilipomwambia ninachotaka hakuuliza kwa nini. Alisema, "Siku hizi ni chaguo la mama, nipe tarehe." Akafungua kalenda yake, akaona ni vizuri anifanyie nikifika wiki ya 37, maana baada ya hapo ana safari. Kwenye karatasi za bima, akasema, ataandika kwamba nina nyonga nyembamba. Nilikuwa nje baada ya dakika saba.

Nilidhani ningetoka pale nimepumua. Badala yake ndiyo kwanza vita vikaanza nyumbani. Mume wangu si mtu mbaya, ananikanda miguu kila usiku bila kuombwa, ila kwa hili amekuwa mgumu. Anasema operesheni ni ya mwenye tatizo, na mama yake kazaa saba. Mama mkwe mwenyewe yuko Muheza, keshafunga mizigo anakuja kunikanda nikijifungua. Sijui nani alimdokeza. Alinipigia simu, akasalimia vizuri, akauliza hali ya mjukuu wake, halafu akasema, "Wanawake wa siku hizi mnataka watoto wa kununua." Rafiki yangu naye yuko upande wangu, lakini sababu yake inanitia hofu nyingine: anasema nikizaa kawaida njia italegea na mwanaume atatoka nje. Nilicheka. Usiku nikalikumbuka.

Tunataka watoto wanne, mimi na yeye, hilo hatujawahi kubishana.

Nijibu bila kunipamba. Je, kutaka kupasuliwa bila kuwa na tatizo ni uvivu? Nikiwaambia mume na mama mkwe kwamba kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, nitakuwa nimemkosea nani? Na ni kweli kwamba operesheni ni salama zaidi, kama ninavyoamini?

Mama Kijacho, Tabata

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kufika wiki 33, na pole kwa usiku ule wa koridoni.

Nitaanza na hilo kofi, maana barua yako yote imelizunguka. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31 kabla ya kustaafu. Sentensi uliyoisikia nyuma ya pazia naijua neno kwa neno. Niliisikia kwa wakubwa zangu nikiwa mwanafunzi, nikaapa haitatoka kinywani mwangu. Halafu ukafika usiku mmoja, zamu ya watu wawili, akina mama kumi na mmoja wote wako kwenye uchungu, wengine wawili kitanda kimoja, na mimi nikaitamka. Niliyemwambia hakunijibu. Aligeukia ukutani. Sura yake imenitoka, lakini mgongo wake naukumbuka mpaka leo. Uchovu ulikuwepo, upungufu wa watu ulikuwepo, na bado lile lilikuwa kosa langu mimi. Kwa hiyo kama ulitaka mtu wa kukuita mvivu, mimi sina mdomo huo.

Na hata nikiwa nao, uvivu uko wapi? Mtu anakatwa ngozi, mafuta, utando na ukuta wa kizazi, anatolewa mtoto, anashonwa tabaka kwa tabaka, anabaki na mpira wa mkojo. Kesho yake, kama si jioni hiyohiyo, anaambiwa aamke atembee ili damu isije ikaganda miguuni. Siku za mwanzo akikohoa anashika tumbo kwa mikono miwili, akicheka vivyo hivyo. Mwenzako wa ofisini aliwatumia picha ya saa tano. Ya saa nane usiku, ganzi ilipokwisha, hakuituma. (Na zile kucha walimfuta rangi kabla ya kuingia. Kile kibanio cha kupima hewa ya damu huwekwa kwenye kidole, na daktari wa usingizi anataka kuiona kucha yenyewe.)

Mama mkwe wako namheshimu, ana watoto saba na mimi nina wawili. Lakini kama anadhani kupasua mzazi ni mambo ya wanawake wa mjini, msimulie kisa hiki. Mwaka 1879 Mwingereza aitwaye Robert Felkin alikuwa Bunyoro, katika Uganda ya leo, akamshuhudia mganga wa huko akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Walimlewesha kidogo kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo wakanawia mikono na kuoshea tumbo. Jeraha walilibana kwa pini za chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Baada ya siku 11 lilikuwa limefunga, na mama na mtoto wako hai. Hiyo ni karibu miaka 150 iliyopita, hapohapo jirani zetu.

Lakini yule wa Bunyoro alikuwa ameshindwa kujifungua. Wewe bado hujajaribu.

Katika miaka yangu wamenijia wengi wanaotaka kupasuliwa bila sababu ya kitabibu. Mmoja alitaka mtoto azaliwe tarehe ya ndoa yake. Mwingine alikuwa amezika mtoto wa kwanza aliyefia tumboni wakati wa uchungu, na mimi nasema huyo sababu alikuwa nayo, hata kama kadi haikuiandika. Mmoja alikuwa amebakwa akiwa binti, na kule kupimwa njia tu, kuingizwa vidole na watu asiowajua kila baada ya saa nne, kulimtosha kutetemeka. Wengine ni hofu ya uchungu wenyewe, hofu ambayo kwa wanawake wachache hufikia kuwa ugonjwa na madaktari wana jina lake, tokofobia. Ila kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu kama wewe. Nikiwachimba polepole nakuta hawana ugomvi na njia ya kawaida. Wanakikimbia chumba fulani, na watu fulani waliokuwa ndani yake.

Si kwetu tu. Brazil zaidi ya nusu ya watoto wanazaliwa kwa operesheni, na kwenye hospitali za binafsi za huko ni zaidi ya wanane kati ya kumi. Wanawake wa huko ukiwauliza, wengi husema walianza mimba wakitaka kuzaa kawaida, wakageuka njiani. Hofu ya kutendewa vibaya leba imo, na jambo la pili limo pia, nalo lisemwe: kumngoja mzazi kunaweza kumchukua daktari usiku mzima, operesheni anaimaliza kwa saa moja, mchana, na mara nyingi inalipwa zaidi. Zile dakika saba zako zina maelezo yake.

Sasa swali lako la usalama. Nitalijibu kwa ajili yako wewe, si kwa ajili ya wanawake wote wa dunia. Anayehitaji operesheni na akaikosa anaweza kufa, yeye na mwanawe. Hilo nimeliona na sitaki kuliona tena. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta watoto 6 kati ya 100 nchini kwetu wamezaliwa kwa operesheni, na wa 2022 ukakuta 11. Sehemu ya ongezeko hilo ni kina mama wa vijijini ambao zamani wangefia njiani, na nalishangilia. Ila kwa mwenye mimba iliyotulia kama yako, mtoto kichwa chini, presha sawa, kisu hakimwongezei usalama. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet Global Health lilitoa matokeo ya wanawake 3,684 waliopasuliwa katika nchi 22 za Afrika: karibu watano kati ya kila elfu walifariki, kiwango kilichozidi cha nchi tajiri kama mara 50. Usiogope namba hiyo kupita kiasi. Wengi wao walipelekwa kwa dharura, wameshachoka, wengine wameshapoteza damu. Yako ingekuwa ya kupangwa. Lakini iweke akilini, maana inakuonyesha hatari iko wapi, kwenye damu na kwenye usingizi. Yeyote atakayekushika, muulize: damu ya kundi langu ipo hapahapa hospitali au inafuatwa? Ganzi ya mgongoni anachoma nani, na yuko nami mpaka mwisho au anakimbia chumba kingine?

Sasa nije kwenye sentensi uliyoitupia karibu na mwisho kama vile si kitu: mnataka watoto wanne.

Mwanangu, ungeniambia mmoja, au hata wawili, jibu langu lingekuwa fupi na laini zaidi. Operesheni ya kwanza mara nyingi inakwenda vizuri. Deni lake linakuja kudaiwa na mimba zinazofuata. Kizazi kinabaki na kovu. Kondo la nyuma la mimba ijayo likijishika chini, juu ya kovu lile, linaweza kuota ndani yake kama mzizi kwenye ufa wa ukuta, na siku ya kujifungua likagoma kutoka. Hapo damu inamwagika kwa kasi ambayo sina hamu ya kukueleza, na mara nyingi wanaokoa mama kwa kuondoa kizazi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2006 uliwafuatilia wanawake 30,000 waliopasuliwa. Kwa wale ambao kondo lilikaa chini, aliyekwisha pasuliwa mara moja, kondo liliota kwenye kovu kwa 11 kati ya 100. Mara mbili, 40. Mara tatu, 61. Kondo kukaa chini si jambo la kila mtu, ni wachache. Ila kila kisu kinakusogeza karibu na wachache hao, na mtoto wako wa nne atakuwa amekaa juu ya makovu matatu.

Inawezekana kuzaa kawaida baada ya operesheni moja, na kati ya wanaojaribu, karibu watatu kwa kila wanne wanafaulu. Kovu hupasuka kwa kama mmoja kati ya 200, ndiyo maana lazima iwe hospitali ambayo chumba chake cha upasuaji kiko wazi usiku na mchana. Na hapa ndipo uongo wa daktari wako unaponitia hasira. Akiandika "nyonga nyembamba," ataishawishi bima, sawa. Lakini karatasi ile inabaki kwenye faili lako. Miaka mitatu ijayo ukienda na mimba ya pili, ukitaka kujaribu kawaida, mkunga atasoma "nyonga nyembamba" na hatakuuliza swali la pili, utapelekwa moja kwa moja kupasuliwa. Bado hujaingia leba hata siku moja, na mtu keshaandika kwamba nyonga yako haipitishi mtoto! Kwa mwanamke mwenye afya, mtoto kichwa chini, nyonga hupimwa na uchungu wenyewe. Na kuidanganya bima si kosa la daktari peke yake, saini itakuwa yako pia.

Wiki ya 37 ikatae palepale. Mtoto wa wiki 37 anayetolewa kwa kisu kabla uchungu haujaanza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida ya kupumua, maana maji yaliyo kwenye mapafu hayajakauka vizuri. Hao Wabrazil niliokutajia, baraza lao la madaktari lilipitisha mwaka 2016 kwamba operesheni ya kuomba isifanywe kabla ya wiki ya 39. Safari ya daktari haimkomazi mtoto.

Kitovu shingoni usikisingizie. Watoto wanaozaliwa kimewazunguka ni wengi, karibu mmoja kati ya wanne au watano, na wengi wao hutoka salama kwa njia ya kawaida, mkunga anakivua kama mkufu. Mama mkwe ana watoto saba. Huenda wawili walitoka hivyo na anakumbuka. Halafu huo uongo utamfanya mumeo aishi akiamini mtoto aliponea chupuchupu, na mimba ya pili ataingia na hofu isiyo yake.

Kuhusu rafiki yako na njia kulegea: makungwi wetu walijua mambo mengi, lakini hili la kulegea limegeuzwa biashara ya kutisha mabibi harusi. Misuli ya chini inachoshwa na mimba yenyewe, miezi tisa ya uzito, hata kwa anayepasuliwa. Kuzaa kawaida huiongezea kazi, kweli, na wapo wanaovuja mkojo baadaye. Kisu kinapunguza hilo bila kuliondoa. Dawa yake ya kwanza ni ya bure: kubana ile misuli unayozuia nayo mkojo, ukahesabu hadi kumi, ukaachia, mara kadhaa kwa siku, hata ukiwa kwenye foleni ya daladala. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandika mazoezi hayo mwaka 1948, ingawa somo wangu kule Pangani aliyafundisha bila kumjua Kegel. Anza leo. Na mwanaume anayetafuta sababu ya kutoka nje ataipata hata kwenye chumvi ya mboga.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuomba nini? Ningekuomba ujaribu kawaida, lakini si kule alikozalia dada yako. Unaitazama bima yako kama tiketi ya kisu. Mimi naona inaweza kukununulia kitu ambacho dada yako hakukipata, chumba chenye mlango.

Una wiki sita. Omba kukaa na mkunga mwandamizi wa hospitali unayoitaka, nusu saa, umsimulie kofi lile. Asiyekuwa na nusu saa kwa ajili yako sasa, usiku wa uchungu hatakuwa nayo. Mwombe akuonyeshe leba kabla ya siku yenyewe. Uliza kama mtu wako anaruhusiwa kukaa nawe mwanzo mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasisitiza kila mzazi awe na mwenza anayemchagua mwenyewe, na nimeona kwa macho yangu jinsi lugha ya wodi inavyobadilika shahidi akiwepo. Uliza kama wana ganzi ya mgongoni kwa ajili ya uchungu, na kama ipo usiku au mchana tu. Uliza wanafanyaje uchungu ukirefuka, nani anaamua, na anaamua saa ngapi. Dada yako hakuponzwa na kuzaa kawaida. Aliponzwa na siku mbili bila mtu wa kusema sasa basi.

Kuchanika nako kuna kinga. Kuanzia wiki ya 35, ukiwa na mikono safi na mafuta, unaweza kuikanda ile ngozi kati ya njia na nyuma, mara moja au mbili kwa wiki. Kwa mzazi wa kwanza hupunguza kuchanika na kuongezewa njia. Na kichwa cha mtoto kinapochungulia, mkunga akigandamiza hapo kitambaa cha maji ya uvuguvugu, huku akikuambia pumua badala ya kukupigia kelele sukuma, ile michaniko mibaya ya kufika nyuma inapungua. Mwulize kama wanafanya. Akicheka, tafuta mwingine.

Kisha mkubaliane kwa maandishi: naanza kawaida, tukifika mahali fulani bila maendeleo, nisibembelezwe wala kucheleweshwa, nipelekwe kupasuliwa. Wengi niliowaandikia hilo walilala usingizi siku hiyohiyo, kwa sababu mlango wa kutokea waliuona.

Na kama baada ya yote hayo bado unaamka usiku unatetemeka, basi hofu yako ni ya kutibiwa kwa heshima kama maradhi mengine. Uingereza tangu mwaka 2011 mwongozo wao unasema hivyo: mama asikilizwe, apewe mtu wa kuzungumza naye juu ya hofu yake, na asipobadilika, afanyiwe anachotaka. Omba mshauri wa saikolojia kwanza. Hospitali kubwa za Dar wanao. Ukibaki palepale, nenda ukapasuliwe, wiki ya 39, kwa daktari mwingine, sababu ya kweli ikiwa imeandikwa: hofu kali ya kujifungua. Fomu ya ridhaa utasaini wewe. Kama bima haikubali sababu hiyo, mjue mapema mjipange.

Mumeo usimpelekee ombi, mpeleke koridoni. Namaanisha msimulie ule usiku kama ulivyonisimulia mimi, na kofi lake. Nina wasiwasi hajawahi kuusikia. Mtu anayekanda miguu kila usiku bila kuombwa hatashindwa kusikiliza. Mwambie pia hesabu ya makovu na watoto wanne, aibebe naye, msije mkapanga idadi wawili halafu hatari ukaihesabu peke yako.

Mama mkwe mwache aje, utamhitaji kwa njia yoyote utakayojifungulia. Ila mkiishia kwenye operesheni, mkalishe mapema kabla hajawasha moto: maji ya moto ni ya mgongo na miguu, tumbo asiliguse. Nimewahi kupokea mshono uliofumuka na kuoza siku ya tisa kwa sababu ya taulo la moto na mapenzi mengi. Mshono unataka kukauka. Uji wa pilipili manga alete, hakuna anayemzuia.

Nimebakiza dada yako. Hewa kumtoka na haja kumshinda baada ya miaka minne si vidonda vya tumbo na si adhabu ya kuzaa. Ni aidha msuli wa nyuma haukuunganika vizuri aliposhonwa, au ni fistula, yaani tundu kati ya njia ya uzazi na njia ya haja, na mara nyingi vyote viwili hurekebishwa kwa upasuaji. Hapo Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wanatibu fistula bila malipo, na kama yake si fistula watamwelekeza. Nenda naye wewe, wiki hii, kabla tumbo halijakuwa zito. Mkiwa kwenye benchi mnasubiri, muulize kuhusu lile kofi.